Bakuli la Chini ya Sinki

Ijumaa asubuhi Mwalimu aliamka akakuta miguu ya mume wake imelala peke yake katikati ya jiko. Mume aliyebaki, kuanzia kiunoni kwenda juu, alikuwa ndani ya kabati la chini ya sinki, na humo kabatini ilisikika sauti ikihesabu.

"Arobaini na moja... arobaini na mbili..."

"Mmeamkaje, miguu?" Mwalimu aliisalimu, akairuka kwenda kuwasha jiko.

"Usinichanganye! Arobaini na... Basi, umeshanichanganya."

Ndani ya boti ile ya matanga waliyokuwa wanaishi, jiko, sebule na karakana ya mzee vilikuwa mahali pamoja, hatua tano kwa tatu. Mtu mmoja akilala sakafuni, nyumba nzima imefungwa. Mwalimu alipika chai huku amesimama katikati ya magoti ya mumewe, mguu mmoja huku na mmoja kule, na ilipochemka aliinama kuangalia kinachohesabiwa.

"Matone," ilisema sauti. "Lakini usianze. Haivuji. Ni jasho tu. Bomba limekaa kwenye maji baridi, hewa ya humu ndani ina joto, kwa hiyo bomba linatoka jasho. Jambo la kawaida kabisa."

Mwalimu aliingiza kidole kwenye kidimbwi kilichokuwa kabatini, akakionja.

"Jasho lenyewe lina chumvi."

Kabati nalo lilichovya kidole chake, likalamba.

"Jasho lote lina chumvi," likajibu.

Mtu aliyekuwa anasema maneno hayo si mtu wa mchezo kwenye mambo ya mabomba. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa fundi bomba, na mtaani walikotoka walimwita Fundi Koki, wakubwa kwa watoto. Hapakuwa na jiko mtaani ambalo hakuwahi kuliingizia kichwa. Akina mama wengine walimjua kwa soli za viatu kuliko kwa sura. Alipostaafu aliuza pikipiki na kiwanja, akanunua boti kuukuu yenye umri wa kuwa na wajukuu, akaipaka rangi, na nyumba yao wakamwachia binti yao na mumewe. Mwalimu naye, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha hesabu, alikubali kujaribu mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa tatu, na mtu akimuuliza lini atarudi nchi kavu, alikuwa anajifanya hakusikia.

Penyewe palipokuwa panatoka jasho ni hapa: maji ya sinki yalikuwa yanatoka kwa tundu lililopenya ubavu wa boti, chini ya usawa wa bahari. Kwenye tundu kuna shingo ya shaba, juu ya shingo kuna koki, juu ya koki kuna mpira unaopanda hadi kwenye sinki. Koki ukiifunga, bahari inabaki nje. Lakini maji yalikuwa yanatoka shingoni, chini ya koki, na hapo ufunge, ufungue, uimbe, bahari haina habari na wewe.

Shingo hiyo na koki hiyo Fundi Koki alizifunga mwenyewe miaka miwili nyuma, na hilo ndilo lililokuwa linamchoma.

*

"Nitatia gundi, nitaweka bakuli, nitapima," alitangaza alipotoka kabatini, nywele zimejaa utando wa buibui. "Jioni tunaangalia limeingia kiasi gani. Nipe chaki."

Mwalimu alikuwa na boksi zima la chaki alilostaafu nalo. Alimpa kipande. Fundi akapaka gundi, akatega bakuli la plastiki la bluu chini ya shingo, na upande wa ndani wa mlango wa kabati akachora mstari mnyoofu na kuandika juu yake: VIKOMBE.

"Kwa nini usimwite Kalafati aangalie?" Mwalimu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Kalafati! Aje kuangalia jasho?"

Kalafati alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa boti pale gatini, na jina hilo alipewa kwa sababu alianza kazi kwa kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, kazi ya kalafati. Mwanzoni kabisa alimwambia mzee kwa adabu zote, "Mzee wangu, kwenye tundu hilo weka koki ya baharini. Ninazo." Mzee naye alimwonyesha sanduku lake, koki kumi na mbili mpya za majumbani zinang'aa, akamwambia, "Binti, mimi nimeanza kufunga koki wewe bado unanyonya." Kalafati hakubisha. Alichonga tu kizibo cha mbao laini, kirefu kama kiganja, chembamba huku na kinene kule, akasema kifungwe kwa kamba pale pale karibu na tundu, kwa dharura. Mzee alikichukulia kuwa ni tusi. Mwalimu akaona mbao nzuri haifai kutupwa, akakitundika juu ya jiko, na toka siku hiyo kilikuwa cha kupondea kitunguu saumu.

Sasa kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa limekaa mezani wakati wanakunywa chai bila mtu kulitaja. Alhamisi inayokuja ilikuwa siku ya ukaguzi. Kila mwaka boti zote zinazolaliwa zilikaguliwa, mwenye kukagua alikuwa Kalafati huyo huyo, na boti ikikutwa inaingiza maji, karatasi haisainiwi. Bila saini hakuna kulala botini. Wangekwenda kulala wapi? Kwa binti yao. Yaani kwenye nyumba yao wenyewe, ambayo mabomba yake yote Fundi aliyafunga kwa mikono yake, na ambayo chumba chao kilikuwa sasa cha wajukuu. Wao wangepewa iliyokuwa stoo.

Simu ya binti ililia saa tatu, na Fundi alikuwa ameshakwenda gatini kuoga na kupiga soga.

"Shikamoo mama. Hamjambo? Stoo nimeipaka rangi."

"Marahaba. Rangi ya nini tena?"

"Ya maziwa. Na kitanda kimeingia, mtalazimika kulala ubavu ubavu tu, ila kimeingia. Mama, niambie ukweli. Hiyo boti inavuja?"

Mwalimu alitazama chini. Bakuli lilikuwa limefika nusu na bado ni saa tatu.

"Haivuji," alisema. "Inatoka jasho."

*

Saa nane mchana bakuli lilijaa hadi ukingoni, na boti zilizokuwa zinapita zilikuwa zinalitikisa. Unga wa wiki nzima ulikuwa kabati hilo hilo. Mwalimu hakuwaza hila yoyote, jamani, tusimsingizie. Aliokoa unga wake. Alilivuta bakuli, akalimwaga baharini, akalirudisha. Basi. Mwanamke yeyote angefanya hivyo.

Saa kumi na mbili Fundi alirudi, akalala sakafuni, akawasha tochi. Mwalimu alikuwa anakata karoti, na alikuwa ameshafungua mdomo kumwambia, haki ya Mungu alikuwa ameufungua, pale kabati lilipopiga yowe.

"Vitatu! Mwalimu! Vikombe vitatu tu kutwa nzima! Asubuhi kwa hesabu ya matone ilikuwa kumi na mbili! Gundi imeshika!"

Alitoka kabatini uso mzima meno. Mwalimu alikuwa hajaona sura ile tangu siku walipoishusha boti majini. Wiki nzima mwanaume huyu alikuwa anakula bila kujua anakula nini, na usiku anageuka kama chapati. Sasa alimshika mkewe mabega, akamzungusha pale pale kwenye hatua tano kwa tatu, karoti ikaanguka.

"Safi sana," alisema Mwalimu. "Hongera." Akainama kuokota karoti, na hakuinuka haraka.

Angeweza kusema kesho yake. Lakini kesho yake, Fundi aliondoka akipiga mluzi, na bakuli likajaa mara tatu. Mara ya mwisho, Mwalimu alichuchumaa mbele ya kabati akafikiria amwachie mumewe kiasi gani. Akiacha vitatu, atasema imegoma. Akiacha kidogo sana, atashtuka, maana Mwalimu alijua mambo hayo: mtoto hapandi kutoka thelathini hadi mia kwa siku moja bila kuitwa ofisini. Apande polepole. Akaacha viwili.

"Viwili!" lilisema kabati jioni.

Jumapili akaacha kimoja na nusu. Jumatatu kimoja. Mwanamke huyu alikuwa maarufu kwa ukali wa masahihisho. Mtoto wa mkuu wa shule alipata sita kwake na sita ikabaki sita, mkuu alie asilie. Leo anachota maji kwa kikombe cha chai ili mzee wa miaka sitini na saba apate maksi nzuri! Aliona aibu kweli kweli. Alijiambia atasema. Kisha jioni anaona namna Fundi anavyoishika ile chaki, kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayesaini hati ya nyumba, na maneno yote yanarudi tumboni.

Ukweli wa bakuli alikuwa anao kichwani. Ijumaa moja na vikombe vitatu, Jumamosi mabakuli matatu, Jumapili matatu na robo, Jumatatu manne, Jumanne matano. Hesabu haikuwa inapanda vizuri.

*

Jumatano mchana Fundi hakwenda gatini. Alivaa ovaroli yake ya kazi, ile ambayo mgongoni bado ilikuwa na jina la utani kwa herufi kubwa, akatoa sandukuni spana yake kubwa ya bomba.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Mwalimu aliuliza.

"Hapa hapa. Jana nusu kikombe. Gundi imemaliza kazi yake, sasa inataka kukazwa kidogo tu ili iwe kavu kabisa. Kesho Kalafati akija, nataka aweke mkono pale autoe mkavu. Nataka aunuse."

"Usiikaze."

"Robo. Robo mzunguko, si zaidi."

"Baba, iache."

Fundi aliinua nyusi. Hakuwa anaitwa "baba" ovyo ovyo na mkewe; aliitwa hivyo siku za misiba na za matokeo ya mitihani.

"Mwalimu, tugawane kazi," alisema kwa upole, kwa sababu alikuwa na furaha. "Wewe hesabu, mimi koki. Nimewahi kukwambia saba mara nane ni ngapi?"

Akaingia kabatini. Mwalimu alibaki amesimama na taulo mkononi. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi, mwanamke, utakuja kusema lini? Akapiga moyo konde.

"Nimekuwa nalimwaga," alisema.

"Nini?" Sauti ilikuwa mbali, na chuma kilikuwa kinagusa chuma.

"Bakuli! Nimekuwa nalimwaga mimi! Halijapungua hata..."

Kilisikika kitu kidogo sana, ta, kama mtu amevunja biskuti.

Halafu bahari ikaingia ndani ya nyumba.

Haikuingia kwa matone. Iliingia nene kama mkono wa mtu mzima, ikampiga Fundi kifuani, ikausukuma unga, vikombe na bakuli la bluu hadi sebuleni. Fundi alipiga kelele isiyokuwa neno. Akatupa spana, akaweka kiganja juu ya tundu, na maji yakaanza kuruka pembeni ya vidole kila upande.

"Imekatika! Shingo imekatika! Mwalimu, toka nje! Toka uende gatini!"

"Siendi popote! Ziba!"

"Siwezi! Inanishinda nguvu!"

Maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Mwalimu aligeuka huku na huku, akavuta taulo, akaona taulo ni upuuzi, akainua macho. Juu ya jiko, pale pale, kati ya mwiko na chujio, kilikuwa kinaning'inia kizibo cha Kalafati.

Alikichomoa hadi msumari ukatoka. Akajitupa sakafuni kwenye maji, akasukuma kichwa ndani ya kabati ambalo halikujengwa kwa vichwa viwili, shavu kwa shavu na mumewe.

"Toa mkono nikisema tatu. Moja..."

Akasukuma kwenye moja, maana aliwajua watu wanaosubiri tatu. Ncha nyembamba iliingia. Maji yakamrukia machoni, lakini yakawa membamba. Akapapasa nyuma, akapata kikaango, akakigonga kizibo kwa kitako cha kikaango mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na mara ya sita bahari ikanyamaza.

Walibaki vile vile, vichwa kabatini, wanahema. Kulikuwa na harufu kali ya kitunguu saumu.

*

Walisukuma pampu ya mkono kwa zamu, mia kwa mia, Mwalimu akihesabu. Hawakuacha hadi mbao za sakafu zilipoonekana. Kisha wakakaa kwenye ngazi, wamelowa chapachapa, unga umewaganda hadi kwenye nyusi.

"Ulisema nini pale?" Fundi aliuliza. "Kabla."

"Nilisema nimekuwa namwaga bakuli. Tangu Ijumaa." Mwalimu hakumtazama. "Mara ya kwanza nilikuwa naokoa unga. Halafu ukafurahi. Nikashindwa. Nusu kikombe ya jana niliichota mimi kwa kikombe cha chai. Jana peke yake yaliingia mabakuli matano. Nimekudanganya siku tano mfululizo, na nimekuacha ukaze kitu ambacho nilijua hakijapona. Ningeweza kutuzamisha kwa huruma. Nisamehe."

Fundi alitazama maji yanayodondoka kwenye mikono ya ovaroli. Akaukamua mmoja, kisha wa pili, taratibu, hadi Mwalimu akaanza kuogopa kweli.

"Matano," alisema mwishowe.

"Matano."

"Ya mchana?"

"Ya mchana, ndiyo. Kwani... kwani kuna ya lini mengine?"

Fundi alikuna kichwa. Unga ukaanguka.

"Mimi namwaga usiku hadi alfajiri. Kabla hujaamka. Nilikuwa naogopa ukiliona limejaa utampigia mtoto simu, atakuja na lile gari lake kutuchukua. Nikajiambia usiku ni usiku, mawimbi tu, mchana inapona. Si nilikuwa naona jioni?" Akahesabu kwa vidole. "Usiku wa kuamkia jana nilimwaga manne."

Mwalimu aligeuka akamtazama. Kichwani, bila yeye kutaka, jumla ilijifanya yenyewe.

"Tisa," alisema.

"Tisa," alikubali Fundi Koki.

"Mabakuli tisa kwa siku. Halafu wawili sisi, kila mtu na ndoo yake ya huruma, tunaandika nusu kikombe mlangoni!"

Aliyeanza kucheka ni Fundi, kicheko kidogo cha puani ambacho hakikuwa na furaha. Lakini kilipomfikia Mwalimu kilikuwa kimekua, na wakacheka hadi boti ikatikisika na wote wawili wakaacha kucheka ghafla, wakageuka kuangalia kizibo. Kilikuwa kimekaa.

Fundi akainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwita yule binti wa gatini." Alijaribu kujipangusa unga, ukawa uji. "Wacha nikaaibike bado nimelowa. Nikikauka nitabadili mawazo."

*

Kalafati aliinama mbele ya kabati, akapiga kizibo kwa kidole, akanusa kidole.

"Mmekipikia?"

"Kila jioni," alisema Mwalimu.

"Na ndiyo maana kilikuwa karibu." Akaokota shingo iliyokatika, akaigeuza kwenye mwanga. Nje iling'aa vizuri tu. Ndani, pale ilipovunjikia, ilikuwa imegeuka rangi ya waridi, na alipoiminya kwa kucha ikamong'onyoka. "Mzee, njoo uone. Hii ni shaba ya mabomba ya nyumbani. Ina madini mawili. Maji ya chumvi yanakula moja, yanaacha jingine limesimama matundu matupu. Kwa nje huoni kitu. Hata ungetia gundi mwaka mzima. Ilikuwa inangoja mtu mwenye nguvu aiguse."

"Koki hizi nimefunga kwenye majumba zaidi ya mia tatu," alisema Fundi, lakini kwa sauti ya chini.

"Najua, mzee wangu. Na mangapi kati ya hayo yanaelea?"

Mwalimu aliuma mdomo. Fundi alitazama sakafu, akaitazama ile shaba ya waridi kwenye kiganja cha yule binti, na masikio yake yakawa yanafanana nayo rangi.

"Hamna," alisema. Kisha akasema kitu ambacho mkewe, katika miaka arobaini ya ndoa, hakuwahi kukisikia. "Nionyeshe inavyofanywa."

Kalafati alisimama akafunga kalamu yake. "Kesho siwezi kusaini. Mnanielewa. Boti inapanda nchi kavu asubuhi, tutaweka shingo ya baharini na koki yake, na tundu jingine kule chooni pia tutalifungua tuone, maana nina wasiwasi lina ndugu yake. Siku nne. Hizo siku nne hamlali humu."

Simu ya Mwalimu ililia. Alijua ni nani kabla hajaitoa mfukoni, na ilikuwa ajabu kwamba bado inalia.

"Mama? Mbona hupokei? Inavuja, si ndiyo?"

"Inavuja, mwanangu. Ilikuwa inavuja siku zote. Nilikudanganya." Akavuta pumzi. "Tunakuja kwenu siku nne."

"Mama, si mje moja kwa moja tu? Na rangi nimeshapaka..."

"Siku nne. Sisi ni wageni, tupikie kigeni. Halafu tunarudi kwetu."

Neno hilo la mwisho lilimtoka bila kulipanga. Fundi, aliyekuwa anajifanya anakamua soksi, aliacha kukamua.

*

Za stoo tusiseme sana. Mkwe alikuwa mtu mzuri, na kila asubuhi alimuuliza Fundi "umelalaje, baba?" kwa sauti ya watu wanaotembelea wagonjwa. Fundi alizunguka nyumba nzima akiangalia mabomba yake na hakukuta hata moja linalotoka jasho, akasikitika. Kitandani, wakigeuka ilibidi wageuke pamoja, kwa makubaliano.

Siku ya nne walisimama chini ya tumbo la boti, nchi kavu, Fundi amevaa ovaroli iliyofuliwa. Shingo mpya ilikuwa nzito, nyeusi nyeusi, haina mng'ao wowote. Kalafati alimpa spana.

"Mimi?" alisema Fundi.

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Mimi nasimamia."

Akakaza. Ilipofika mahali, mkono ukasita. "Robo tena?" aliuliza, na Mwalimu aliyekuwa nyuma akafumba macho.

"Nusu ya robo, mzee. Halafu unaacha, hata roho ikuume."

Akakaza nusu ya robo. Roho ilimuuma, ilionekana usoni, lakini akaacha.

Boti iliposhushwa majini, Kalafati alikagua kila kitu, na pale kwenye karatasi palipoulizwa kama kila tundu lina kizibo karibu, aliandika: Kipo, kinanuka. Akasaini. Kizibo kilikuwa kimefungwa kwa kamba kando ya koki, na Mwalimu alikatazwa mbele ya shahidi asikiguse tena kwa mambo ya mboga.

Walitega bakuli la bluu chini ya shingo mpya asubuhi iliyofuata, na wakapatana kwamba hakuna wa kuligusa. Kwa kuwa kila mmoja alimjua mwenzake, na zaidi alijijua mwenyewe, hakuna aliyetoka nje ya boti siku hiyo. Fundi hakwenda kuoga. Mwalimu hakwenda sokoni. Walikaa kwenye kochi wakitazamana kama walinzi wa benki mbili.

Saa kumi na mbili wakalala sakafuni wote wawili, bega kwa bega, Fundi akawasha tochi. Akatia kidole kwenye bakuli, akakipitisha ukingo mzima, akakinyanyua kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kikavu.

"Umelimwaga?" alinong'ona.

"Sijaligusa. Wewe?"

"Sijaligusa."

"Apa."

"Naapa. Apa na wewe."

"Naapa."

Alichukua chaki, akaitazama, akampa mkewe. Mwalimu alifuta kwa kiganja hesabu zote za uongo zilizokuwa mlangoni, vitatu, viwili, kimoja na nusu, hadi mbao ikabaki safi. Katika miaka thelathini na moja alikuwa amewaandikia watoto namba hiyo mara nyingi, na kila mara ilimuuma. Leo aliichora kubwa, mviringo mzuri usio na kona, akapiga mistari miwili chini yake.

"Sifuri," alisema, macho yamejaa maji. "Hongera sana."